Kulinganisha Shule za Msingi: Mfano wa Tseikuru

Tseikuru iko kaskazini ya Kitui, katika nchi kame. Tangu mwaka 1985 hata 2023 watoto wa huko, kama wenzao wa Kenya nzima, walimaliza darasa la nane kwa mtihani wa KCPE, ambao katika miaka yake ya mwisho jumla yake ilikuwa maksi 500. Matokeo yalipotoka wazazi waliuliza neno moja: shule ya kwanza ni ipi? Jibu lilitafutwa katika wastani, yaani maksi za watahiniwa wote kugawanywa kwa idadi yao.

Wastani ni kipimo chema, lakini sharti kitumiwe kwa akili. Mathalan, shule moja ina watahiniwa 10. Tisa wamepata maksi 240 kila mmoja, na mmoja 400. Wastani wake ni 256. Shule ya pili ina watahiniwa 50. Arobaini na tisa wamepata 240 vilevile, na mmoja 400. Wastani wake haufiki 244. Watoto ni wa namna moja, na bado shule ya pili italaumiwa!

Tena wastani hupanda mtoto dhaifu akiondolewa. Mwalimu mkuu apendaye sifa aweza kumrudisha nyuma darasa moja ili asiguse mtihani, ingawa Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 yakataza mtoto kurudishwa darasa. Kwa hiyo mzazi mwenye busara huuliza kwanza: walioingia darasa la kwanza walikuwa wangapi, na waliofika mtihanini ni wangapi? Wale waliopotea njiani hawamo katika wastani wowote.

Yafaa pia kulinganisha walio sawa. Wakati wa ukame mtoto hutumwa kuchimba maji katika mchanga wa mto mkavu, au kufuata mbuzi malishoni, na masomo yakampita. Si haki kuipima shule yake kwa shule ya bweni ya mjini Mwingi. Ipimwe kwa jirani yake, na kwa matokeo yake yenyewe ya miaka mitatu iliyopita.

Mwaka 2014 Serikali iliacha kutangaza shule kwa nafasi zao, na KCPE yenyewe imekwisha. Tangu 2022 watoto wa gredi ya sita hufanya mtihani wa KPSEA. Hata hivyo rejista ya mahudhurio ingali ofisini mwa mwalimu mkuu, na mzazi aweza kuiulizia katika mkutano wa wazazi.