SOMO KWA MAKATIBU: Kompyuta ya Chama Inapokwama Katikati ya Kupandishwa Toleo

Chama kinachotumia mfumo endeshi wa Linux katika kompyuta yake, kama vile Debian au Ubuntu, hakidaiwi ada ya leseni. Hata hivyo hakiwezi kukaa na toleo moja daima. Ubuntu 20.04, kwa mfano, ilifikia mwisho wa marekebisho yake ya kawaida mwaka 2025, na ofisi iliyokuwa nayo ililazimika kupanda toleo. Ni katika kupanda huko ndipo makatibu wengi hushikwa na hofu, pale kioo kinapojaa mistari ya makosa na kazi ikasimama.

Tuseme jambo hilo limetokea katika ofisi ya chama cha wakulima wa chai huko Mponde, siku mbili kabla ya malipo, na leja ya majani mabichi imo humo humo. Wakulima wa Mponde hawahitaji kufundishwa hasara ya mtambo kusimama, kwani kiwanda chao kilifungwa mwaka 2013 kikakaa kimya kwa miaka mingi. Kwa sababu hiyo nakala ya leja huwekwa katika flashi na kufungiwa kwenye kasha la fedha kabla amri ya kwanza haijaandikwa. Katibu asiye na nakala hiyo hana haki ya kuanza.

Programu huja katika vifurushi, na kifurushi huweza kuwa na skripti, yaani hati fupi za amri zinazotendwa kabla na baada ya kukifungua au kukiondoa. Iletayo matata zaidi ni ile iitwayo postinst, ambayo hutendwa baada ya faili kukwisha kufunguliwa. Ikishindwa, kifurushi hubaki nusu, mfano wa jani lililokwisha sagwa lakini halijakaushwa: haliuziki, wala halirudi shambani. Vifurushi vinavyokitegemea navyo huachwa bila kukamilishwa, kila kimoja na mstari wake wa kosa. Mistari ishirini, basi, yaweza kuwa na chanzo kimoja tu.

Kwa hiyo husomwa kosa la kwanza, si la mwisho. Maneno «exit status 1» hayataji sababu; yanasema tu kwamba skripti imeshindwa. Sababu imo katika mistari iliyotangulia, na ikiwa imekwisha pita kiooni, hupatikana katika faili /var/log/apt/term.log. Amri sudo dpkg --audit huonyesha vifurushi vilivyobaki nusu.

Mara nyingi kifurushi chenyewe hakina hatia. Diski imejaa, hasa sehemu ya /boot inayolundikana kiini cha zamani juu ya cha zamani. Hapo kutaonekana «No space left on device», na amri df -h itathibitisha. Viini visivyotumika huondolewa, lakini kile kinachotajwa na amri uname -r kisiguswe, maana ndicho kinachoendesha kompyuta wakati huo. Pengine huduma fulani imegoma kuwaka kwa sababu faili la mipangilio yake lilihaririwa na mtu zamani. Systemctl status na jina la huduma hiyo vitaeleza. Na pengine umeme ulikatika tu.

Chanzo kikiondolewa, amri hufuatana hivi:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install
sudo apt full-upgrade

Ikiwa ya kwanza inarudia kosa lile lile, chanzo hakijaondoka, na kuirudia mara kumi hakutasaidia kitu. Wapo mafundi wanaoihariri skripti ili ijibu kwamba imefaulu. Hilo halina tofauti na mtunza hazina anayefuta upungufu kwa kalamu badala ya kuutafuta: kioo kitatulia, lakini kazi iliyopaswa kufanywa haikufanywa. Kufuta kila kitu na kusakinisha upya nako ni haraka isiyo na sababu, ikiwa diski ni nzima.

Mambo yakikamilika, kompyuta huzimwa na kuwashwa, leja hufunguliwa, na jumla ya kilo za kila kituo hulinganishwa na daftari la karatasi la mpimaji, kabla ya hati yoyote ya malipo kuchapwa.