Picha ya mvua kwenye telefone: tuisome namna gani?

Safari hii tunaanza na kosa letu sisi wenyewe.

Ilikuwa mwezi wa ine, mvua iko ya kila siku, na kahawa ya parche iko juu ya meza kwenye stasiyo moja ya kuosha kahawa upande wa Kalehe. Saa sita mchana tuliangalia picha ya mvua kwenye telefone. Eneo letu lote lilikuwa jeupe, hakuna hata rangi moja. Tukaambia watu waache kahawa wazi ipate jua mpaka saa kumi. Mama mmoja anayechambua kahawa akatuambia: «Nyie muko naangalia telefone, mie niko naangalia mulima. Mulima unavaa kofia.» Tukacheka kidogo.

Saa nane kasoro mvua ikateremka kutoka juu, nyembamba lakini ya kuendelea. Kabla sheti hazijafika meza za mwisho, parche iliyobakiza siku mbili kukauka ilikuwa imelowa. Parche ambayo bado ni mbichi ikinyeshewa inavumilia. Ile iliyokaribia asilimia 12 ya maji ikilowa tena inapata madoa, inaota kuvu, na mnunuzi akiionja anaishusha daraja. Hasara ililipwa na wanamemba waliochuma. Telefone yetu haikulipa kitu.

Tulikosea wapi? Tulikuwa tunaita ile picha «rada», na tukaiamini kama rada. Rada ya kweli ni mashine iliyosimama chini na kutupa mawimbi hewani. Mawimbi yakigonga matone ya mvua yanarudi, na mashine inahesabu mvua iko mbali kiasi gani na ina nguvu gani. Majirani wetu wa Rwanda wako na moja kule Bugesera. Lakini mawimbi ya rada yanakwenda karibu moja kwa moja, na kati ya Bugesera na sisi kuna milima mirefu. Yale yanayopita juu ya milima hayagusi mvua inayonyesha chini, kwenye mabonde yetu. Kwa hiyo rangi tunazoziona juu ya Kalehe, Kabare ao Idjwi mara nyingi zinatoka kwa satelite.

Satelite kama Meteosat inakaa juu ya ikweta, kwenye kimo cha karibu kilometa 36.000. Kutoka mbali hivyo haioni tone la mvua. Inapima ubaridi wa kichwa cha wingu. Kichwa kikiwa baridi sana, maana yake wingu ni refu, na wingu refu mara nyingi lina mvua kubwa. Programu ya telefone inafanya mahesabu na kupaka rangi. Mahesabu hayo yanadanganya kwa namna mbili. Ya kwanza: mvua kubwa ikiisha, juu kunabaki wingu jepesi na baridi ambalo halina maji ya kutosha hata kulowesha mkeka, lakini kwenye picha linaendelea kuwa na rangi. Ya pili njo ile iliyotupata. Mchana jua linapasha milima joto, upepo unatoka ziwani na kupanda, na mawingu mafupi yanajikusanya juu ya mlima. Kichwa chao si baridi sana, satelite inayapita tu, na huku chini yananyesha.

Hata hivyo hatukutupa telefone. Dhoruba kubwa, zile za ngurumo, satelite inaziona vizuri, na zile njo zinazobeba sheti na kuvunja matawi. Siku hizi tunafanya hivi.

Kwanza tunaangalia saa iliyoandikwa kwenye picha. Picha inachelewa kufika, na mara nyingine imeandikwa kwa saa ya UTC: pale ikiwa 12:00, kwetu Bukavu ni 14:00, yaani saa nane mchana. Telefone iliyowekwa kwenye saa ya Kinshasa nayo iko nyuma saa moja. Tumeona watu wakisubiri mvua ambayo ilikuwa imeshapita.

Halafu tunarudisha picha nyuma nusu saa, tunaweka kidole kwenye ukingo wa wingu, tunaiendesha mpaka picha ya mwisho. Msikuze wala kupunguza picha katikati ya kazi hiyo. Kama kwa nusu saa wingu limetembea upana wa kidole kimoja, na kati yake na sisi kunabaki vidole viwili, tuko na karibu saa moja. Picha zinazoonyesha masaa yanayokuja ni mahesabu matupu. Dhoruba zetu zinaweza kuzaliwa na kufa ndani ya saa moja ao mbili, kwa hiyo zaidi ya hapo hatupangi kazi.

Ile saa moja ina faida kama mnajua kazi yenu inachukua muda gani. Kwenye stasiyo ile tulipima: watu wane wanafunika meza zote kwa dakika 25. Basi wingu likibakiza saa moja, watu wanasogea karibu na meza. Likibakiza dakika 40 wanafunika, hata jua likiwa linawaka. Maharagi ya mwezi wa kwanza yaliyoanikwa uani ni vilevile. Mtu mmoja tu njo anafungua picha, wengine wasimalize mega zao bure, na anabeba firimbi. Rezo ikikatika, anaangalia mlima.

Kwa dawa ya majani, saa moja haitoshi. Someni karatasi ya chupa, mjue inahitaji masaa mangapi bila mvua. Na siku ya kupanda haitafutwi kwenye picha hii hata kidogo. Chimbeni, mshike udongo.

Kuna jambo lingine zito zaidi ya kahawa. Watu wa Kalehe hawahitaji kukumbushwa 4 Mei 2023, siku mito ilishuka na mawe na tope juu ya Bushushu na Nyamukubi, wakafa watu zaidi ya 400. Ukiona rangi nyekundu juu ya milima inayolisha mto wenu, hata kama kwenu ni kukavu, toa watoto na mifugo kandokando ya mto, wala usivuke. Picha ikiwa nyeupe, hiyo si ruhusa ya kubaki. Maji yakigeuka tope, ao yakipungua ghafula wakati juu kunanyesha, mto unaweza kuwa umezibwa na utafunguka kwa nguvu. Pandeni juu mara moja.

Kwa koperative inayotaka kuanza, tafuteni daftari na mkebe wenye pande zilizonyooka, uwekwe wazi, mbali na miti na paa. Kila asubuhi pimeni maji kwa rula: milimeta 10 ni litre 10 kwa kila meta moja ya mraba. Andikeni jana picha ilionyesha nini saa sita na saa nane, na mkebe ulipata nini. Baada ya msimu mmoja mtajua kwenu picha inadanganya wakati gani.

Kwenye stasiyo ile, daftari iko mikononi mwa yule mama. Ameongeza mstari mmoja ambao sisi hatukuuwaza. Juu yake ameandika: «kofia».