Jukwaa la Mbao la Kuwekea Pipa la Maji

Mkulima, mvua zinapokaribia, watu wengi katika skimu za makazi hufunga mfereji wa bati kwenye paa na kuweka pipa chini yake. Hilo ni jambo jema. Lakini pipa likikaa chini, ndoo haiingii chini ya bomba. Kwa hiyo watu huliinua juu ya vipande vya mbao vilivyopigiliwa kwa haraka. Jukwaa la namna hiyo husimama vizuri pipa likiwa tupu, na huanguka pipa likijaa. Na aliye karibu nalo wakati huo mara nyingi ni mtoto aliyetumwa maji.

Mwezi huu tutaeleza namna ya kutengeneza jukwaa imara nyumbani. Vyombo vinavyohitajika ni msumeno, nyundo, kekee, randa, skwea na futi ya kupimia.

UZITO WA MAJI

Lita 1 ya maji ina uzito wa kilo 1. Pipa la kawaida la chuma huchukua lita 200 hivi, na lenyewe ni kilo 20 hivi. Basi likijaa ni kilo 220, kama watu wazima watatu wamesimama mahali pamoja usiku na mchana.

Wala usidhani litajaa polepole. Mvua ya milimita 1 ikinyesha juu ya mita 1 ya mraba hutoa lita 1 ya maji. Paa la mita 6 kwa mita 5 likipata mvua ya milimita 10 usiku mmoja, hupokea lita 300. Hata kama mengine yatamwagika, asubuhi utakuta pipa limejaa. Kwa hiyo jukwaa liwe tayari kabla ya mvua ya kwanza.

KANUNI KUU

Uzito na ukae juu ya mti, usining'inie kwenye msumari. Watu wengi hupigilia boriti ubavuni mwa mguu. Hapo kinachobeba pipa ni misumari peke yake. Mbao ikikauka hupasuka, msumari ukipata kutu hupinda, na boriti huteleza. Katika jukwaa letu boriti itakaa juu ya bega la mguu, na kazi ya msumari itakuwa kushika tu.

MBAO

Nunua mbao za inchi 4 kwa 2, futi 34; mbao za inchi 6 kwa 2, futi 13; na mbao za inchi 3 kwa 1, futi 10. Saipresi yafaa ikiwa imekauka. Mbao mbichi hujikunja na kulegeza misumari, kwa hiyo zipange kivulini, ukiweka vijiti katikati ili hewa ipite, mpaka zikauke. Kataa mbao yenye fundo kubwa katikati. Nunua pia misumari ya inchi 3 na ya inchi 4.

KUTENGENEZA

1. Miguu. Kata vipande vinne vya inchi 22 na vinne vya inchi 18, vyote vya mbao ya 4 kwa 2. Kila mguu ni kipande kirefu na kifupi vilivyopigiliwa pamoja ubapa kwa ubapa kwa misumari ya inchi 3, vikiwa sawa upande wa chini. Juu kutabaki bega la inchi 4. Mbao iliyopigwa randa hupungua, basi pima boriti yako kwanza, na bega liwe sawa na kimo chake.

2. Boriti. Kata mbili za inchi 30. Zisimamishe kwa ukingo juu ya mabega, kila boriti juu ya miguu miwili. Vipande vifupi vya miguu viwe upande wa ndani. Pigilia kutoka nje, kupitia kipande kirefu.

3. Viunganishi. Kata vitano vya inchi 30 kwa mbao ya 4 kwa 2. Viwili viunge miguu kwa juu, mbele na nyuma. Vitatu viwekwe chini, inchi 4 kutoka ardhini, nyuma na pande mbili. Tumia misumari ya inchi 4. Mbele chini paachwe wazi kwa ndoo. Hakikisha pembe kwa skwea kabla ya kupigilia.

4. Mihimili ya mshazari. Mbao ya 3 kwa 1 ipigiliwe kutoka chini ya mguu mmoja hadi juu ya mguu wa pili, nyuma na pande mbili. Usiiache. Miguu bila mshazari hubeba uzito wa kushuka, lakini ng'ombe akijikuna hapo, jukwaa litalala ubavu.

5. Meza ya juu. Kata mbao tano za 6 kwa 2, inchi 30 kila moja, uzilaze kutoka boriti hadi boriti. Acha nafasi ndogo kati yake ili maji yapite. Toboa kwa kekee kabla ya kupigilia karibu na ncha, mbao isipasuke.

Sasa jukwaa lina kimo cha futi 2 na upana wa futi 2 na nusu. Usiongeze kimo. Jukwaa refu kuliko upana wake huanguka upesi.

KUMALIZIA

Ondoa kingo kali kwa randa, kisha sugua kwa msasa. Paka rangi ya kwanza, halafu rangi ya mafuta mara mbili, ukingoja ikauke kila mara. Ncha za miguu zipakwe mara tatu, kwa maana mti hunywa maji zaidi kupitia ncha. Usipake oili chafu ya motokaa. Ina sumu, na hapa ni mahali pa maji ya nyumba.

MAHALI PA KUSIMAMISHA

Usizike miguu ardhini. Sehemu zenye joto mchwa wataila, na sehemu za baridi na ukungu kama Kinangop itaoza. Kila mguu ukae juu ya jiwe bapa lililo pana kuliko mguu. Laza chupa yenye maji kidogo juu ya meza, uone kama ni sawa pande zote. Mguu mmoja ukining'inia, mingine hubeba mzigo wake. Chimba kijito cha kuondoa maji yanayofurika, maana udongo ukilowa mawe huzama.

Weka pipa katikati, na bomba lake liwe refu kupita ukingo wa meza. Kamwe usitumie pipa lililokuwa na dawa ya mimea au ya kuogeshea ng'ombe, hata likioshwa mara nyingi. Lifunike vizuri mbu wasizaliane, na maji ya kunywa yachemshwe.

KUJARIBU

Jaza robo ya pipa, uangalie viungo na mawe. Ongeza robo nyingine, na nyingine, mpaka lijae. Liache usiku kucha, na watoto wasikaribie. Kiungo kikifunguka, toa maji kwanza ndipo utengeneze.

Kila mwaka kabla ya mvua, chokoa miguu kwa ncha ya kisu. Kisu kikizama kwa urahisi, mti umeoza. Badilisha mguu huo.

Jukwaa hili ni la pipa moja tu. Tangi la plastiki la lita 1,000 likijaa lina zaidi ya tani 1. Hilo lijengewe msingi wa mawe na saruji, wala usilijaribu juu ya mbao hizi.