Mbwa Mzee Akifa Ghafla, Tusikimbilie Kusema Sumu

Mbwa ni mlinzi wetu. Analinda nyumba, mifugo na mazao. Akifika miaka minane au kumi huwa amezeeka, na wazee hawakosi maradhi.

Pengine mbwa mzee anafukuza nyani shambani, mara miguu inalegea, anaanguka. Baadaye anainuka, tunasema amepona. Siku chache zikipita anaanguka tena, anakufa. Hapo maneno yanaanza: "Jirani kamlisha sumu!" Watu wanagombana, wengine hawasalimiani tena. Kumbe huenda mbwa alikuwa na uvimbe kwenye moyo.

Ugonjwa huu ukoje?

Moyo ni pampu ya damu. Umefunikwa na mfuko mwembamba. Kwa baadhi ya mbwa wazee, saratani huota kwenye moyo, mara nyingi katika chumba cha juu cha kulia. Uvimbe huu huvuja damu kwa urahisi. Damu inajaa ndani ya mfuko na kuubana moyo. Moyo ukibanwa haujai damu vizuri, ndipo mbwa anaanguka. Damu ikiacha kuvuja kwa muda, anapata nafuu.

Mbwa yeyote anaweza kuupata. German Shepherd, wale tunaowaona na polisi, ni kati ya wanaoupata zaidi. Ugonjwa huu hauambukizi watu wala mbwa wengine.

Dalili zake

1. Mbwa anachoka upesi au anazimia.
2. Fizi zinakuwa nyeupe.
3. Anapumua kwa shida.
4. Tumbo linaweza kujaa maji.

Tufanye nini?

Tumwite bwana mifugo mapema. Kupe na minyoo pia hupunguza damu na kufanya fizi ziwe nyeupe, nao wana dawa. Tusimwache mbwa afe kwa kitu kinachotibika, eti ni uzee.

Kama ni uvimbe wa moyo, daktari anaweza kuitoa ile damu kwa sindano. Mbwa atapata nafuu, lakini mara nyingi damu hurudi. Hata akipasuliwa na kupewa dawa za saratani, wengi huishi miezi tu. Akiteseka sana, daktari anaweza kumpumzisha kwa sindano.

Tahadhari! Mbwa akibadilika tabia, akitoka udenda au akiuma ovyo, tusimguse mdomo. Huenda ana kichaa cha mbwa. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo.

Na mbwa akifa ghafla, tusimpasue wenyewe. Bwana mifugo akimpasua ataona kama mfuko wa moyo umejaa damu. Sumu ipo, hatukatai. Lakini tupate ukweli kwanza, ndipo tuseme.

Maswali ya kujadiliana

1. Kwa nini mbwa huyu huanguka, kisha huinuka?
2. Fizi nyeupe zaweza kuletwa na nini kingine?
3. Kijijini kwetu, nani wa kuitwa mbwa akiugua?