Mnakili wa Zama za Tarakilishi: HTTrack na Uhifadhi wa Matini za Wavuti

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari huisha bila habari. Methali hii inaafiki hali ya matini nyingi za Kiswahili za zama hizi. Yapo mashairi, hadithi fupi na mijadala ya lugha ambayo haijawahi kupigwa chapa kitabuni. Makao yake ya pekee ni tovuti. Tovuti nayo aghalabu huishi katika seva ya kukodi. Kodi isipolipwa, au mwenyewe akibadili nia, matini hutoweka, na nukuu iliyomo katika tasnifu hubaki ikielekeza mahali patupu. Utafiti wa Pew Research Center uliotolewa mwaka wa 2024 ulibainisha kuwa asilimia 38 ya kurasa za wavuti zilizokuwapo mwaka wa 2013 hazikupatikana tena muongo mmoja baadaye. Makala haya yanaeleza utendakazi wa HTTrack, programu ya kunakili tovuti, na yanashikilia kuwa mwanafunzi anayeitumia huchukua nafasi ya mnakili wa miswada, pamoja na dhima zake zote.

Utendakazi wa HTTrack

HTTrack ilibuniwa na Mfaransa Xavier Roche na ikatolewa kwa mara ya kwanza mwaka wa 1998. Ni programu huria isiyolipiwa. Mtumiaji huipa anwani ya tovuti na kuteua folda ya kuhifadhia nakala. Programu hupakua ukurasa wa kwanza, huupekua kutafuta viungo, kisha hukifuata kila kiungo na kupakua kurasa na picha zinazohusika, hadi tovuti nzima iwe imepitiwa. Kwa kawaida haivuki mipaka ya tovuti iliyotajwa.

Hatua inayofuata ndiyo muhimu zaidi. Viungo vilivyokuwa vikielekeza kwenye seva hubadilishwa ili vielekeze kwenye faili zilizomo ndani ya tarakilishi. Kwa sababu hiyo, msomaji anaweza kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine bila intaneti, kana kwamba yumo katika tovuti yenyewe. Fauka ya hayo, upakuaji uliokatizwa unaweza kuendelezwa baadaye.

Mnakili na Matini

Historia ya fasihi ya Kiswahili inadhihirisha kwamba ni kunakili kulikookoa tungo nyingi. Mashairi ya Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyetunga mwanzoni mwa karne ya 19, yalikusanywa baadaye katika karne hiyo na Mwalimu Sikujua kwa ushirikiano na W. E. Taylor, W. Hichens akayahariri na kuyachapisha mwaka wa 1940. Katika safari hiyo yalivuka kutoka hati za Kiarabu hadi hati za Kirumi. Anayeisoma diwani hiyo, basi, anamsoma Muyaka aliyepitia mikono kadhaa.

Hali ya nakala ya wavuti haitofautiani sana na hiyo. HTTrack haigusi mishororo ya shairi, lakini hubadilisha viungo na wakati mwingine majina ya faili. Hata hivyo, kama wanakili waliotia jina na tarehe mwishoni mwa mswada, programu hii huweka ndani ya kurasa maelezo mafupi yasiyoonekana kwenye kivinjari, yanayotaja anwani ya asili na wakati wa kunakili. Maelezo hayo ni ushahidi na hayafai kufutwa.

Lipo pia la kutahadhari. HTTrack inaweza kusasisha nakala ya zamani, lakini kwa mpangilio wake wa kawaida usasishaji huo hufuta faili ambazo zimekwisha kuondolewa kwenye tovuti. Shairi lililofutwa na mwenyewe litafutika hata kwa mtafiti. Ni heri kila nakala mpya iwekwe katika folda yake, yenye tarehe yake; kwa njia hiyo matoleo mawili yanaweza kulinganishwa.

Mipaka na Maadili

HTTrack haikidhi kila haja. Sehemu zinazotegemea hifadhidata, mathalani kisanduku cha kutafutia, hazifanyi kazi katika nakala. Na maandishi yanayoletwa na programu ndogo ndani ya kivinjari huenda yasinaswe. Mtafiti anayehitaji majibu ya seva jinsi yalivyotumwa, bila viungo kubadilishwa, anaweza kutumia Wget, ambayo tangu toleo la 1.14 la mwaka wa 2012 huweza kuhifadhi faili za muundo wa WARC. Muundo huo ulifanywa kuwa kiwango cha kimataifa, ISO 28500, mwaka wa 2009.

Hali kadhalika, kunakili si kumiliki. Kasi ya upakuaji ipunguzwe ili seva ya mwenyewe isilemewe. Nchini Kenya, Sheria ya Hakimiliki ya mwaka wa 2001 inamlinda mtunzi hata baada ya kazi yake kunakiliwa. Nakala ya utafiti isigeuzwe kuwa chapisho jipya bila idhini.

Hitimisho

Imebainika kwamba programu ya kunakili tovuti si chombo cha mafundi pekee. Mwanafunzi wa fasihi anayenukuu wavuti anapaswa kunakili matini siku ile ile anapoisoma, kuandika anwani na tarehe, kueleza chombo alichotumia, na kuweka nakala ya pili mahali pengine. Asipofanya hivyo, mtahini atakayeitafuta matini hiyo mwaka ujao huenda asiione, na hoja iliyojengwa juu yake itakosa shahidi.