SOMO: Piga hesabu kabla ya kutia sahihi
Tusome: Nehemia 5:1-13, Luka 14:28-30

Siku za Nehemia, watu waliweka rehani mashamba na nyumba zao wapate nafaka. Mwishowe hata watoto wao walitiwa utumwani. Walikopa kwa sababu ya njaa. Wengi wetu hapa Gisenyi tunakopa kwa sababu hiyo hiyo.

Mfano: mama anakopa faranga 100,000 auze mboga. Atalipa kwa miezi 10, riba 5 kwa mia kila mwezi. Riba ikihesabiwa juu ya mkopo wote wa kwanza, atalipa riba 50,000. Ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, akipunguza 10,000 kila mwezi, riba ni 27,500. Tofauti ni 22,500: chakula cha watoto.

Kwa hiyo uliza:
1. Riba inahesabiwa juu ya nini? Jumla yote nitalipa ngapi?
2. Nikichelewa, faini ni ngapi?
3. Dhamana ni nini? Kitambulisho chako usikiache rehani.
4. Mkopeshaji ana ruhusa ya Banki Kuu ya Rwanda (BNR)? Wale wa "banki lamberi" hawana.

Mkataba ukiwa katika lugha usiyoisoma, omba unayemwamini akusomee wote. Usitie sahihi wala kidole kwenye karatasi yenye nafasi tupu. Baki na nakala.

Swali la nyumbani: Je, mume na mke mmeujua mkopo huu pamoja? Ombeni, kisha mpige hesabu.