Fungua Kiungo Chako kwa Simu ya Jirani: Vidokezo kwa Msanidi Programu Anayetafuta Kazi

Kila msimu wa mafunzo kwa vitendo ukikaribia, meza yangu hapa Dar es Salaam hujaa wasifu za wanafunzi. Lugha ni zile zile: Python, Java, PHP, JavaScript. Vyuo ni vizuri, alama si haba. Mimi huteremka moja kwa moja hadi chini ya ukurasa kutafuta kiungo. Nikikigusa, kuna kitu kinachofanya kazi? Kama uko mwaka wa pili au wa tatu na hofu ya mtaa imeanza kukunyemelea, anza na haya.

1. Achana na kikokotoo, nenda kwa Mangi

Kikokotoo, orodha ya mambo ya kufanya, programu ya hali ya hewa: nimeviona mpaka vimenikinaisha. Vinafaa kujifunzia, lakini havionyeshi kwamba umewahi kumtatulia mtu shida. Nenda dukani kwa Mangi, kaa juu ya kreti la soda, omba kuona daftari la madeni. Utakuta “Mama Asha nyumba ya bluu, sukari nusu, 1,500.” Chini yake, “Fundi mrefu, vocha.” Fomu uliyofundishwa darasani inadai jina la kwanza, jina la ukoo na barua pepe. Mangi hana hata kimoja. Mteja analipa nusu leo, salio mwisho wa mwezi, na katikati anaongeza mkate. Bando nalo linakatika saa nane mchana, wateja wamejaa. Sasa ndiyo una kazi ya kufanya.

Mwanafunzi mmoja aliniletea programu ya daftari la namna hiyo. Kurasa tatu tu, rangi zake za kutisha kidogo. Lakini alinisimulia kwamba mwanzoni alihifadhi namba za simu kama tarakimu za kuhesabia, na ile sifuri ya mbele ikaliwa kwenye namba zote. Mangi akipiga, simu haiendi. Kijana akagundua kwamba namba ya simu haijumlishwi wala haigawanywi, akaigeuza kuwa maandishi, kisha akaandaa njia ya kupokea inayoanza na 0 na inayoanza na +255 bila kumrudufu mteja. Tuliongea saa nzima. Cheti chake sikumbuki hata kama nilikifungua.

2. Fedha usizipe desimali

Iambie JavaScript ijumlishe 0.1 na 0.2, itakujibu 0.30000000000000004. Shilingi zetu hazina haja ya senti, kwa hiyo hifadhi deni kama namba kamili, ulale salama. Msaili akikuuliza kwa nini, una jibu.

3. Andika README kama unamwelekeza mgeni kwenu

Mgeni hajui mwembe ulipo. Mwambie programu ni ya nani, inafanya nini, inawashwaje, na wapi bado inachechemea. Weka picha mbili za skrini. Sehemu ya “bado inachechemea” wengi wanaiogopa, na mimi ndiyo ninayoisoma kwanza. Kama unalenga kampuni za nje, andika maelezo hayo kwa Kiingereza, ila vitufe vya Mangi vibaki kwa Kiswahili. Yeye ndiye mtumiaji.

4. Git tangu siku ya kwanza

Linus Torvalds aliitengeneza Git mwaka 2005 ili watu waliotawanyika duniani waweze kuijenga Linux pamoja. Wewe unaitumia kupandisha kazi nzima mara moja, usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi, kwa ujumbe “mwisho_kabisa_2”. Ukifanya hivyo sioni ulivyofikiri, naona ulivyochelewa. Hifadhi hatua ndogo ndogo, kila moja na sentensi inayoeleza ulichobadilisha.

Na hili lishike sana: ukipandisha nenosiri au ufunguo wa huduma ya malipo kwa bahati mbaya, kulifuta kwenye faili hakusaidii. Historia bado inalo, na kuna roboti kazi yake ni kuchungulia funguo za watu hadharani. Badili ufunguo wenyewe kwanza, kusafisha kufuate.

5. Jaribu kwa simu ya jirani

Siyo yako. Ya jirani, yenye kioo kilichopasuka na nafasi iliyojaa picha za harusi. Kwa laptopu yako kila kitu kinapendeza, hata ile picha ya megabaiti nne uliyoweka juu ya ukurasa. GitHub Pages inakupa mahali pa kuweka tovuti bila malipo, mradi ni kurasa zisizohitaji seva ya kuchakata, na kwa portifolio hizo zinatosha kabisa. Usisubiri kununua jina la tovuti.

6. Ingia kwenye programu huria kwa mlango wa Kiswahili

Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliokihusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, ofisi nzima ya kompyuta kwa Kiswahili. Mlango huo bado uko wazi: miradi mingi inatafuta watafsiri na watu wa kunyoosha maelezo. Utajifunza kupokea masahihisho ya mtu usiyemjua bila kununa, na hilo darasani ni nadra.

7. Akili mnemba ikuandikie, lakini uweze kuieleza

Sina ugomvi nayo, hata mimi ninaitumia. Ila kwenye usaili nitaweka kidole kwenye mstari mmoja wa kodi yako (si ile ya TRA) na kuuliza: ukiondoa huu, nini kitavunjika? Nimeona watu wakitazama kazi yao wenyewe kama wanaiona mara ya kwanza. Fanya mazoezi na mwenzako kijiweni, mwelezane kwa sauti, mkosoane.

8. Patikana

Barua pepe yenye jina lako halisi, siyo lile la utani la kidato cha pili. Namba iliyo hewani. Ukipigiwa na namba ngeni mchana, pokea.

Yule wa daftari nilimpigia siku ya kazi, saa kumi hivi, kumwambia aje Jumatatu. Alipokea akiwa dukani. Kabla sijamaliza nilisikia sauti nyuma yake ikimuuliza Mama Asha keshalipa au bado.